Straipa wa Cape Cod Bay kwa chambo cha manyoya: uzi wa wavuvi wa Kiswahili tulioko Massachusetts na majirani

Baharia wa Quincy (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ikikaribia Mei maswali ya kuvua straipa huwa yaleyale: fimbo gani, ufukwe gani, chambo rangi gani. Wa kuuliza maji yanakupwa saa ngapi ni wachache mno. Nimeona nianzishe uzi tujibizane hapahapa, na wenye uzoefu wa Rhode Island, Maryland, Maine na California waje waongeze yao.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwenye ghuba hii ya Cape Cod, saa ya maji (kujaa na kukupwa) ndiyo inayovua samaki. Mtu ananunua fimbo ya dola elfu, anajifunza kurusha mita 30, anarudi mikono mitupu kwa sababu alifika maji yamesimama. Mwenzake ana fimbo ya bei chee, anarusha mita 12 kwa shida, anapata, maana alijua mkondo utapita wapi na saa ngapi. Aliyekulia Pemba, Lamu au Kilwa ameshaanza somo hili tangu utotoni.

Kwa wageni: straipa (striped bass) ni samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi saba au minane, kuanzia nyuma ya matamvua hadi mkiani. Maisha yake ni kuhama. Huzaliwa mtoni kwenye maji yasiyo na chumvi, wengi wao katika mito inayomwagia Chesapeake Bay, wengine Hudson na Delaware. Wakikomaa huingia baharini. Majira ya baridi wakubwa hukaa nje ya Virginia na North Carolina, na wakishataga kwenye machipuko wanapanda kaskazini kufuata chakula. Upande wa kusini wa Massachusetts wadogo huanza kuonekana mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ndani ya Cape Cod Bay kazi huchanganya Juni. Julai na Agosti mchana huwa mgumu, usiku nafuu. Septemba na Oktoba wanashuka kusini huku wakila kwa fujo.

Vifaa sitakaa sana. Fimbo ya futi 9, namba 8 au 9 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba). Seti nzima ya kuanzia, dola mia mbili hadi tatu inatosha. Rili iwe na breki inayovumilia chumvi, na ukirudi nyumbani ioshe kwa maji ya bomba kabla hata hujavua viatu. Mshipi, kama utanunua mmoja tu, chukua ule unaozama polepole. Nyuma yake kwenye rili jaza uzi wa akiba mita 150 au zaidi, mbele yake funga nailoni ya paundi 20 yenye urefu wa futi 8 au 9. Basi.

Kilicho tofauti na uvuvi wetu wa mshipi wa mkono ni kimoja. Chambo cha manyoya hakina uzito wa maana, kwa hiyo huwezi kukitupa. Unachorusha ni mshipi wenyewe, ule mnene wa rangi, unaufungua nyuma yako hewani, unasubiri unyooke, kisha unaupeleka mbele kama mjeledi, na chambo kinafuata mwisho wake. Mkono wa fimbo ukiwa na haraka, mshipi unaanguka rundo miguuni.

Kitu ambacho hakuna duka litakwambia ununue siku ya kwanza, na kinakusaidia kuliko fimbo ghali, ni beseni. Unavuta mshipi kwa mkono wa kushoto, kila mvuto sentimita 30 hivi, na huo mshipi uliovuta lazima ukae mahali. Ukiuacha majini mawimbi yanauzungusha miguuni na mwani unaunasa. Wavuvi wa hapa hufunga kiunoni beseni la plastiki la kuoshea vyombo. Wanatoboa matundu chini, wanapitisha zile tai za plastiki za kufungia nyaya, ncha zikae wima ndani, ili mizunguko ya mshipi isilaliane na kujifunga. Mkanda wowote wa zamani unatosha. Nimeona mzee amevaa suruali ya mpira ya bei mbaya na kiunoni ana beseni la kijani la dola tatu, na hakuna aliyemcheka.

Chambo: ukiwa na viwili umemaliza. Cha kwanza ni Clouser, kilichobuniwa mwaka 1987 na Bob Clouser wa Pennsylvania. Kina macho mawili ya chuma juu ya ndoano, na nywele za mkia wa kulungu. Macho yale yanafanya kichwa kizame ukiacha kuvuta na kupanda ukivuta, na ndoano inapinduka kutazama juu, haikwami mchangani. Njano-kijani na nyeupe. Cha pili ni Deceiver, manyoya marefu ya shingo ya jogoo mkiani na nywele za kulungu shingoni, kinapita majini bila mshindo. Hicho kilitungwa na Lefty Kreh wa Maryland mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya straipa hawahawa, upande wa Chesapeake. Posta ya Marekani ilikitolea stempu mwaka 1991.

Na jambo moja la mwisho kabla ya maswali. Samaki akigonga, USIINUE FIMBO. Endelea kuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto mpaka ukazike, ndipo uinue. Ukiinua kwanza unamtoa chambo mdomoni.

Nasubiri maswali.

Dogo wa Lowell

Mkuu uzi mzuri, napiga kambi. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, huko ni sangara na ngege, mambo ya maji kukupwa siyajui. Unaposema saa ya maji, mtu anaangalia nini hasa? Na hayo mafungu ya mchanga ya Brewster wanayoyasifia yako vipi?

Baharia wa Quincy

Dogo, hapo umenigusa penyewe.

Brewster iko ndani ya mkono wa Cape Cod, inatazama kaskazini. Tofauti ya kujaa na kukupwa ni kama mita 3, na chini pametandaa karibu bila mteremko. Matokeo yake maji yakikupwa bahari inarudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu. Unatembea juu ya mchanga wenye mawimbi-mawimbi uliokuwa chini ya maji asubuhi ileile. Katikati kuna mafungu na mifereji: fungu, mfereji, fungu, mfereji, mpaka nje kabisa. Mtu wa Jambiani au Paje akifika pale anajiona yuko kwao, ila hapa hakuna wakulima wa mwani.

Mbinu ni hii. Unatoka na maji yanayokupwa, unatembea kuyafuata mpaka fungu la nje, unafika karibu na mwisho wa kupwa. Maji yakigeuka, straipa wanaingia nayo. Wanapita kwenye mifereji kwanza, halafu wanapanda juu ya mafungu kwenye maji ya magotini, wanatafuta kaa na wale dagaa wembamba wanaojizika mchangani. Wewe unarudi nyuma polepole mbele ya maji, fungu hadi fungu, jua likiwa mgongoni, unawatazama. Si kuvua kwa kubahatisha, ni kumuona kwanza.

Na kumuona si mchezo. Usitegemee samaki mzima mwenye mistari. Utaona kivuli kwenye mchanga, kivuli kinachotembea wakati mawingu hayatembei. Mara nyingi kivuli kinaonekana kabla ya mwenyewe, maana mgongo wake una rangi ya maji. Miwani ya polaraidi ni lazima, kofia yenye ukingo mpana pia. Ukishamuona, weka chambo mita 2 au 3 mbele ya njia yake, kiache kizame, usikiguse. Akikaribia, mvuto mmoja mfupi. Akikifuata, endelea. Ukikirusha kichwani pake ataondoka na kundi zima.

Sasa saa ya maji. Unahitaji jua ili uone, kwa hiyo unataka kupwa ya kati ya saa nne na saa sita mchana. Hapa ndipo ndugu zangu wa pwani mnapojichanganya. Kwetu Unguja bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) huleta kupwa kubwa kwenye saa nne asubuhi, ndipo akina mama wanaposhuka na ndoo. Cape Cod Bay ni kinyume chake. Bamvua hapa maji hujaa adhuhuri, na kupwa inaangukia saa kumi na mbili, alfajiri na jioni. Kupwa ya mchana wa jua inakuja na maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kwa hiyo kwa kuvua kwa macho pale Brewster, tazama mwezi nusu. Kwa kuvua gizani kwenye milango ya mahori (vijito vya maji ya chumvi), tazama mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maana mkondo unakuwa na nguvu. Kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo unaweza kukisia ya wiki nzima.

Upepo nao: majira ya joto mchana hupiga wa kutoka kusini-magharibi. Ufuo unatazama kaskazini, kwa hiyo unakupiga mgongoni. Ni zawadi kwa mrushaji, ila mshipi wa nyuma unahitaji nguvu kuunyoosha.

Dada wa Casco

Salaam kaka. Niko Portland, Maine. Umeeleza vizuri, ila hatari ya yale mafungu umeipita, na hapo ndipo watu wanapopata matatizo. Maji hayaingii kwa mstari mmoja kutoka mbele yako. Yanaingia kwa mifereji, na mfereji ulio nyuma yako hujaa kabla ya fungu ulilosimamia kulowa. Unaweza kuwa umesimama pakavu, una raha zako, kumbe kati yako na nchi kavu maji yameshafika kifuani. Ongeza ukungu wa Juni: dakika kumi huoni hata ncha ya fimbo yako, na sauti ya mawimbi inatoka pande zote.

Mimi sitoki bila dira ndogo shingoni na saa yenye kengele. Kengele inalia maji yakigeuka. Ikilia narudi fungu moja nyuma, hata kama samaki wanarukaruka mbele yangu. Simu si dira, betri inakufa kwa baridi na chumvi inaiua.

Na ile suruali ya mpira inayofika kifuani, funga mkanda kiunoni kwa nguvu. Ukianguka bila mkanda inajaa maji.

Baharia wa Quincy

Dada, ahsante sana, hilo lisomwe mara mbili. Naongeza moja: unapokwenda, pima kila mfereji kwa mguu na ukumbuke kina chake. Uliokufika mapajani wakati wa kutoka ndio wa kwanza kuwa kilindi.

Mla Kupaka

Wakuu nimesoma mpaka hapa nikisubiri sehemu ya jikoni. Yaani mtu anaamka saa tisa usiku, anaendesha gari, anasimama kwenye baridi ya kukata masikio, anapata samaki wa kilo tano, halafu ANAMWACHIA? Kwetu Kilwa wangekupeleka kwa mganga. Tui la nazi lipo, pilipili ipo, ndimu ipo. Huu si uzungu?

Baharia wa Quincy

Hahaha. Mkuu, kwanza nikuulize: huyo wa kilo tano amefika inchi ngapi?

Sheria ya baharini hapa ni samaki mmoja kwa siku, urefu kuanzia inchi 28 hadi chini ya 31. Yaani sentimita 71 hadi 79 kasoro. Akipungua hapo, majini. Akizidi, majini pia. Kwa hiyo wengi utakaowapata huna ruhusa ya kuwapika, upende usipende. Akiangukia mle ndani, chukua, paka, karibisha jirani. Mimi mmoja wawili kwa mwaka nawala na sioni haya.

Kwa nini mkubwa arudi? Kwa sababu mkubwa ni mama. Majike ndio wanaofikia ukubwa ule, na jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni.

Na hofu hii haikuanza jana. Mwaka 1639 koloni ya Massachusetts Bay ilipiga marufuku kutumia straipa na chewa wa huku (cod) kama mbolea ya shamba. Fikiria walivyokuwa wengi, watu wanawazika shambani! Tukaja miaka ya 1970 na 1980 wakakaribia kwisha. Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuwalinda mwaka 1984, na Maryland ikafunga kabisa uvuvi wake kuanzia 1985 hadi 1990. Wakarudi, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba wamepona. Tukasahau. Tathmini iliyotoka 2019 ikasema tena wamevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2020 ukawekwa ukubwa wa inchi 28 hadi 35. Mwaka 2022 kizazi kikubwa cha samaki waliozaliwa 2015 kikafikia ukubwa huo, watu wakawabeba karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Ndipo 2023 ikaja amri ya dharura ya kushusha kikomo hadi inchi 31.

Rockfish Baltimore

Niongezee kutoka huku chini, maana huku ndiko wanakozaliwa. (Chesapeake tunawaita rockfish, ukisema straipa wanajua wewe wa kuja.)

Kila majira ya joto jimbo la Maryland hukokota nyavu ndogo kando ya mito na kuhesabu vifaranga wa mwaka huo. Wastani wa miaka mingi ni kama 11 kwa mkokoto. Mwaka 2023 ilikuwa 1.0. Mwaka 2024, 2.0. Hesabu imekuwa chini ya wastani mfululizo tangu 2019. Wale wachache tunaowaona wakubwa sasa ni wa vizazi vya zamani, nyuma yao foleni haipo.

Sababu kubwa inayotajwa ni hali ya hewa. Mayai ya straipa lazima yaelee kwenye mkondo mpaka yaanguliwe, siku mbili hivi, na vifaranga wakute vidudu vya kula. Baridi ya kutosha na mvua ya kutosha kwenye machipuko, mwaka unakuwa mzuri. Majira yakiwa ya joto na makavu, kizazi kinapotea. Hakuna kanuni ya inchi inayoleta mvua.

Na kiangazi Chesapeake yenyewe inawabana. Juu maji ni ya moto, chini hakuna hewa ya oksijeni kwa sababu ya mbolea zinazotiririka kutoka mashambani, samaki wanabaki kwenye tabaka jembamba katikati. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa Maryland ilifunga hata kumlenga straipa kwa wiki mbili za joto la Julai.

Mla Kupaka

Sawa nimeelewa, ila sasa mnajikanyaga. Kama wamebaki wachache, si muwaache kabisa? Huyo mnayemtoboa mdomo, mnampiga picha, mnamrudisha, mnajuaje hafi?

Rockfish Baltimore

Wapo wanaokufa. Wataalamu wanaosimamia samaki hawa wanakadiria 9 katika kila 100 wanaoachiwa. Na kwa kuwa wanaoachiwa ni mamilioni kila mwaka, hao 9 wanakuwa wengi kweli. Kuna miaka wanaokufa baada ya kuachiwa hawapishani sana na wanaoliwa. Mla Kupaka hajakosea. Mtu anayebeba mmoja na kwenda zake nyumbani anaweza kuwa ameua wachache kuliko anayeachia arobaini akijisifu.

Baharia wa Quincy

Hapa nakubali nusu. Asilimia 9 ni wastani wa aina zote za uvuvi, maji ya kila joto, mikono ya kila mtu. Ndoano moja isiyo na kijino, samaki asiyetolewa majini, maji ya nyuzi 15, ni tofauti na chambo cha nyama kilichomezwa mpaka tumboni kwenye maji ya nyuzi 26. Kwa wanaotumia nyama ndoano ya duara ni sheria tangu 2021, kwa sababu hiyohiyo.

Minya kijino cha ndoano kwa koleo kabla hujaanza. Samaki usimchezeshe nusu saa kwa raha zako, mlete haraka, ndiyo kazi ya fimbo namba 9. Mshike taya la chini kwa kidole gumba, hana meno ya kukata, tumbo likae majini. Mshikilie akitazama mkondo mpaka akung'ute mkia mwenyewe. Picha? Awe tayari mwenzio na simu kabla hujamwinua. Na maji yakipita nyuzi 21, mimi siendi mchana. Naenda usiku au nakaa nyumbani.

Lakini nusu ya pili sijakubali. Anayeachia arobaini anajua maji yamebadilika, anapiga kelele kwenye vikao vya jimbo, anakataa kanuni mbovu. Aliyekaa nyumbani hajui.

Rockfish Baltimore

Kelele anazopiga za kutaka aachiwe aendelee kuvua, mkuu. Tusidanganyane.

Baharia wa Quincy

Hapo umenibana.

Dada wa Casco

Kabla hamjaendelea kugombana: wenye kula, idara za afya za majimbo mengi zinaonya kuhusu zebaki na kemikali za viwandani kwenye straipa, hasa wakubwa. Wajawazito na watoto wadogo wasome maelekezo ya jimbo lao kwanza.

Msafiri wa Oakland

Wadau, huku Pasifiki nako wapo, na hadithi yake tamu. Straipa si wa asili ya California. Mwaka 1879 walibebwa kutoka mto Navesink, New Jersey, kwa TRENI, kuvuka bara zima, na samaki 132 wakaachiwa kwenye mlango wa Carquinez, karibu na Martinez, ndani ya San Francisco Bay. Mwaka 1882 wakaongezwa kama 300. Miaka ishirini haijafika walikuwa wanauzwa sokoni kwa mamia ya maelfu ya paundi. Uvuvi wa biashara ukafungwa 1935, sasa ni wa burudani tu. Na huku ugomvi umegeuka: wapo wanaotaka wapungue, kwa sababu wanakula vifaranga vya salmoni ambao ndio wenyeji.

Chambo ni kilekile, Clouser njano-kijani na nyeupe. Saa ya maji ni ileile kwa umuhimu, ila huku kujaa mara mbili kwa siku hakulingani, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Hapo muda wenyewe hautoshi, tazama na urefu.

Jirani wa Rhode Island

Nami niweke langu. Jioni za Mei, kwenye madimbwi ya chumvi ya kusini mwa Rhode Island, Ninignet... samahani kidole, Ninigret Pond na wenzake, minyoo midogo myekundu hutoka matopeni kwa maelfu kujamiiana juu ya maji. Mara nyingi karibu na mwezi mpevu au mwandamo, baada ya siku yenye joto. Straipa wanainyonya kwa sauti kama busu, dimbwi zima. Hapo Clouser yako haina kazi. Unahitaji kitu chekundu cha urefu wa kifundo cha kidole, mshipi unaoelea, na moyo wa subira, maana chako ni kimoja kati ya minyoo elfu ya kweli. Wengi huondoka wakilaani. Mimi huondoka nikilaani pia, na kesho narudi.

Dogo wa Lowell

Wakuu mmenipa vitu. Maswali yangu matatu: (1) wapi nijifunze kurusha, (2) hiyo milango ya mahori usiku mnafanyaje, (3) papa je? Mke wangu ameona habari, hataki kusikia.

Baharia wa Quincy

Dogo, kurusha jifunzie kwenye nyasi. Uwanja wowote, ndoano itoe, funga kipande cha uzi wa sufu mwisho wa nailoni. Dakika kumi na tano kila jioni zinashinda Jumapili nzima ya kuchoka. Geuza kichwa uutazame mshipi ukinyooka nyuma. Ukifika ufukweni na upepo unatoka upande wa mkono wa fimbo, geuka urushie mgongoni. Yale macho ya chuma ya Clouser yakikupata kisogoni utayakumbuka. Miwani hata usiku, ya kioo cheupe.

Mahori: Scorton Creek pale Sandwich ni mahali pazuri pa kuanzia. Maji yakianza kukupwa, dagaa wote waliokuwa wametawanyika kwenye majani ya kinamasi wanasukumwa kutoka kwa njia moja. Straipa wanasimama pembeni mwa mkondo, kwenye kona na mashimo, wanasubiri waletewe. Rusha kuvuka mkondo, usivute, acha maji yakibebe chambo kwa upinde mpaka kinyooke chini yako. Mara nyingi wanagonga pale kinapomaliza kugeuka. Deceiver nyeusi usiku wa giza. Taa ya kichwani iwe nyekundu, na usiielekeze majini. Ukimulika, wenzako watakuchukia kabla ya samaki.

Papa: mwambie shemeji ana haki ya kuogopa. Papa weupe wamerudi Cape Cod kwa sababu sili, wanyama wa baharini wanaoliwa na papa hao, wamerudi, na mwaka 2018 mtu aliuawa Wellfleet, upande wa bahari kuu. Ndani ya ghuba nako huingia. Kwa hiyo hatusimami kwenye maji ya kifuani, hatuvui palipo na sili, na gizani tunabaki kwenye mahori na maji ya magotini. Sili akitokea hata samaki wanapotea, huna sababu ya kubaki. Ipo programu ya simu, Sharktivity, inaonyesha walipoonekana. Muwekee shemeji kwenye simu yake, awe anakutazamia yeye.

Dogo wa Lowell

Hahaha, ameshaipakua. Sasa amesema niende na mtu.

Mla Kupaka

Mimi namsindikiza. Fimbo sina, rula ninayo.

Baharia wa Quincy

Vizuri. Jumamosi ijayo mwezi ni nusu, kupwa Brewster iko karibu saa tano asubuhi. Tukutane maegesho saa mbili, tuanze kutembea saa mbili na nusu. Kabla ya hapo kila mtu awe na kibali cha uvuvi wa maji ya chumvi cha jimbo, kinapatikana mtandaoni kwa dakika tano, na asome kanuni za mwaka huu mwenyewe, asitegemee uzi huu maana zinabadilika. Majira ya joto miji ya Cape inadai kibali cha maegesho ya ufukweni, kwa hiyo tuje gari moja, tuchange.

Mla Kupaka, kama kuna wa inchi 29 tui ni juu yako. Wa inchi 32 usinibembeleze.